Safu ya Nne

Nimetumwa na kanda ya kupimia, fomu nane,
na kalamu ya ofisi isiyotaka kuandika ukutani.
Zahanati ya kale, Igogo: pima, kadiria, tia sahihi.
Mwezi ujao, tingatinga.

Ukuta wa mashariki, mita kumi na mbili na nusu.
Paa: bati, kutu. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu
nimejaza bila kuinua kichwa,
kama mtu amenyaye ndizi huku akiwaza mengine.

Halafu ukumbi wa kusubiria.

Sikujua kwamba saruji inaweza kupinda hivi.
Nguzo zinapanda kama mafunjo yaliyosukumwa na maji,
zikifika juu zinafumbuka,
na toka sakafuni hadi usawa wa kidevu changu
ukuta umevaa magae:
sahani, vikombe, bakuli la bluu, mkono wa birika,
nusu ya waridi, robo ya jogoo,
vyote vimevunjika, vyote vimepangwa
mpaka vikawa wimbi, wimbi likawa samaki,
samaki akageuka jiwe, mojawapo ya haya mawe yetu
yaliyobebana milimani bila kuulizana nani alitangulia.

Bi Nyamizi anafagia, ingawa hakuna anayeingia tena.
"Kazi ya Lushinge hiyo. Mwashi, mguu mmoja mfupi.
Sista wa misheni alimpa kalenda,
na mwezi wa nane ulikuwa na picha ya hospitali ya Barselona."

Barselona ya mpira?

"Wewe na mpira wako! Hospitali.
Kuba za vigae, malaika juu ya milango,
bustani kati ya wodi na wodi. Sista alisema
Wakatalani waliona mgonjwa, kabla ya dawa,
apewe kwanza pa kuweka macho."

Mwaka ukaisha. Lushinge hakufunua ukurasa.
Nyumbani kwake ilikuwa Agosti kwa miaka kumi na mmoja.

Serikali ilimpa saruji na chokaa. Vigae, hapana.
Basi akashika toroli, Igogo, Mkuyuni, hadi Kirumba,
akinadi: "Mwenye kilichovunjika!"
Watu wakadhani ananunua vyuma.
Ng'wasi akampa sahani ya harusi yake mwenyewe
(ilivunjikia wapi, na kichwani mwa nani, hakusema).
Vrajlal wa duka la vyombo akampa kreti nzima
iliyopasukia kwenye behewa la mizigo.
Watoto, walipoona anavyoshukuru,
wakaanza kumvunjia na vizima,
na kina mama wakamlaani kwa Kisukuma na kwa Kikerewe
wiki mbili mfululizo.

"Hiki," Bi Nyamizi anaegemeza ufagio, "changu."
Kipande cha njano, si kikubwa kuliko ukucha wa dole gumba.
"Kikombe cha mwanangu wa kwanza. Alikaa siku tisa.
Sikuweza kukinywea, sikuweza kukitupa.
Nilipokuja kumzaa Kwandu niliketi benchi hili,
usiku kucha, nikikitazama tu.
Nesi akasema, mama, mbona hulii?
Nikamwambia niache, nina kazi."

Safu ya nne: Mapambo.
Weka alama: Hakuna. Hafifu. Ya kawaida.
Thamani kwa shilingi, bila senti.

Nimepiga magoti nikaanza kuhesabu.
Nikafika mia nne na kumi,
jua likaingia kwa lile dirisha la duara,
likaangukia magae ya kijani, yakawaka
kama mgongo wa sato anapotolewa majini,
hesabu ikanitoka.

Nikaanza upya.

Nje dereva anapiga honi, anataka kuwahi chakula.
Bi Nyamizi amenisogezea kigoda
na kurudi kwenye ufagio wake.
Sahihi nimeiacha wazi.
Katika safu ya nne, kwa mwandiko wangu bora,
nimeandika: *Inahesabiwa.*